Mstari wa Hayl Ghafa

Kiti alichokalishwa Nasriya siku ile kilikuwa cha Masouda. Hakuna aliyekusudia. Ukumbi ulikuwa umejaa, mkurugenzi akamwona mgeni kasimama mlangoni na ndara zake za plastiki mkononi, kazivua kama anayeingia msikitini, akamwita, "Karibu, mama, kaa hapa." Akamwonyesha kiti kilichokuwa ubavuni pake, chenye mto wa kijani ambao Masouda aliununua mwenyewe Matrah kwa ajili ya mgongo wake. Masouda alikuwa ametoka kwenda kuchukua ramani. Aliporudi alimkuta mwanamke wa milimani kaukalia ule mto, naye ikabidi asimame ukutani saa mbili nzima, makaratasi yamemjaa mikononi.

Mwaka ulikuwa 1997. Masouda alikuwa na miaka arubaini, mjane mwenye binti mmoja, na kazi yake ilikuwa kuchora ramani katika idara ya serikali huko Maskati iliyoshughulikia misitu na wanyama. Kwa miaka sita alikuwa ameitia akili yake yote katika sehemu moja tu: msitu wa Hayl Ghafa, juu kabisa kwenye milima ya kaskazini, ambako humea alalani. Huo ni mti wa jamii ya mwangati, shina limejisokota kama nguo iliyokamuliwa, na hukua polepole mno, hata mtu anaweza kuzeeka akaukuta mche alioruka utotoni bado haujamfika kiunoni. Katika majabali ya msitu huo walikuwa wamebaki waali wachache, mbuzi-mwitu wenye manyoya mekundu ya miguuni. Masouda alikuwa ameandika mpango wa kuwaokoa: seng'enge ya kilomita thelathini na moja, mageti matatu, na walinzi wa kutoka mjini. Siku ile ya mkutano ndiyo mpango ulikuwa upitishwe.

Nasriya, mchungaji wa Hayl Ghafa, aliposema, hakuinua sauti. Kiarabu chake kilikuwa kile cha mlimani, kizito, maneno yanakatwa mkia.

"Waya hatuutaki," alisema. "Waali akiona waya hashuki kunywa. Sisi tunayo hima yetu."

Masouda, aliyezaliwa Unguja na kukulia Kiswahili, kila alipolisikia neno hilo alifikiria hima ya Kiswahili, yaani haraka. Kwa watu wa Hayl Ghafa hima ni kitu kingine. Ni malisho na msitu unaofungwa kwa ada: hapana mbuzi, hapana shoka, mpaka wachungaji wenyewe waseme umepumzika vya kutosha. Na wachungaji wa Hayl Ghafa wengi wao ni wanawake. Hima hiyo ilikuwapo kabla ya idara, kabla ya barabara, ila ilikuwa imelegea. Vijana wameteremka Maskati kutafuta kazi, na watu wenye magari makubwa wamezoea kupanda huko siku za mapumziko, wakate alalani wa miaka mia tano wachomee nyama.

"Tupeni nguvu ya kuifunga," Nasriya aliendelea. "Walinzi wawe watoto wetu. Mpaka wake tunaujua, hata mkitufunga macho."

Mkurugenzi, Bwana Mahfoudh, alikuwa akimtazama kama mtu aliyechimba kisima miaka mingi na sasa anaona udongo umeanza kulowa. Akawageukia wakuu wengine waliokuwapo. "Huyu ndiye mwenyewe," akasema. "Sisi tulikuwa tunabahatisha tu."

Neno lile *mwenyewe* lilimwingia Masouda mahali ambapo hakujua kwamba pana uwazi.

Watu walipotawanyika, Bwana Mahfoudh alimwita pembeni. Naye kwao ni Unguja, na wakiwa wawili huzungumza Kiswahili. "Bi Masouda, ile ya waya iweke kando. Nenda naye mlimani, ukamchoree mpaka wao."

"Miaka sita, Bwana Mahfoudh."

"Miaka sita ya kazi nzuri, nnajua. Lakini mwenye nyumba kaja."

Kwenye korido alimkuta Nasriya anavaa ndara zake. Kilichomsukuma hakukijua, ila alimwambia, "Babu yangu mzaa baba alitoka Hayl Ghafa. Na mimi ni wa huko."

Nasriya alimtazama usoni, akauliza jina la huyo babu, akafikiri kidogo. "Aa. Nyumba ya walioondoka," akasema. "Mawe yake tumejengea zizi." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayempa mwenzake habari za kwao. Masouda akacheka kwa adabu, na uso ukamuuma kwa kicheko kile.

Majira yote ya baridi walitembea pamoja. Idara ilimpa Masouda gari la kumfikisha chini ya mlima, na toka hapo ilikuwa ni miguu. Nasriya alitangulia, fimbo begani, anataja majina: kila bonde, kila mwamba, kila kijito kinachotiririka wiki mbili kwa mwaka, mpaka yakafika majina mia moja na kumi na mawili. Masouda aliyaandika yote. Alikuwa fundi, na ufundi wake ulimtaka ayaandike hata pale moyo ulipokataa.

Siku moja, karibu na chemchemi iitwayo Ain Suda, Nasriya aliokota kinyesi kikavu, akakisaga kwenye vidole, akasema, "Jike. Wa jana asubuhi." Kisha akachutama. Masouda akatoa darubini, akapekua jabali zima, hakuona kitu. Nasriya akamshika kichwa kwa mikono miwili, kama unavyomshika mtoto unapomsuka, akakigeuza taratibu kuelekea kwenye ufa mmoja wa mwamba. Na pale alikuwapo waali, amesimama kwenye ukingo usiotosha kikombe, anawatazama.

Miaka sita Masouda alikuwa akimchora mnyama yule kwenye pembe za ramani zake, na hakuwahi kumtia machoni. Mtu mwingine pale angelia kwa furaha. Yeye aliona tu kwamba ameonyeshwa, na aliyemwonyesha ni mwanamke asiyejua kuandika jina lake. Akashusha darubini kabla mnyama hajaondoka.

Wikendi moja alimpeleka na binti yake, Noof, aliyekuwa na miaka kumi na minane. Ilikuwa kosa, au ndivyo alivyoiona baadaye. Noof, ambaye nyumbani Wattaya hanyanyui hata sahani aliyolia, alikwenda kuteka maji na Nasriya mara tatu, akarudi na mikwaruzo mpaka kwenye magoti na kinywa hakifungi. Khalti Nasriya kasema hivi. Khalti Nasriya kanifundisha vile. Njia nzima ya kurudi, mpaka wakaingia baina ya maduka ya magari ya Wattaya, ilikuwa khalti, khalti, kama anayemtaja mama yake mdogo. Masouda alishika usukani kwa mikono miwili.

Mwezi mmoja baadaye alikaa kwenye meza yake ya kulia chakula, Ijumaa baada ya swala, akachora ramani ya mwisho; rasimu ya kwanza, yenye mpaka wa hima na majina yote, ilikwisha pangwa matbaa na Bwana Mahfoudh aliiona. Mpaka wa hima ulikuwa na tumbo: pale karibu na Ain Suda ulipinda, ukaikumbatia chemchemi, ukarudi. Mpaka wake yeye, ule wa seng'enge, ulikuwa umenyooka, na chemchemi ilibaki nje ambako palitengwa njia ya gari. Aliitazama mistari miwili hiyo muda mrefu. Akajiambia kwamba mstari ulionyooka ni rahisi kupimwa. Akajiambia kwamba walinzi, wawe wa mjini au wa mlimani, watahitaji barabara. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Akauchora wake. Katika majina mia moja na kumi na mawili aliacha tisa. Kwenye pembe ya chini, ambapo Bwana Mahfoudh alikuwa ameagiza liandikwe jina la kijiji na la Nasriya, aliandika: *Umechorwa na Masouda binti Sleyum.* Halafu akaenda kupika, na chakula kikamwendea vizuri.

Ramani ilichapwa Wadi Kabir, katika matbaa moja iliyobanwa na magereji pande zote, hata mashine zake zilinuka grisi ya jirani. Aliyepanga kazi alikuwa Velma, Mkenya wa makamo, mtu wa maneno machache, miwani imefungwa kamba shingoni. Ndiye aliyepanga hata ile rasimu ya kwanza. Alipotandaza karatasi mpya juu ya kioo chenye taa, aliinama akakaa hivyo kwa kitambo.

"Madam, ile ya kwanza mpaka ulipinda hapa kwa maji. Saa hii umenyooka. Ni makosa ama ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Na majina? Yalikuwa mengi, nilichoka kuyapanga."

"Yamepunguzwa."

Velma alivua miwani. "Babu yangu alikuwa mtu wa msitu, huko kwetu. Ramani ilikuja hivi hivi, majina yetu hayakuwa ndani. Baadaye tukaambiwa hatukuwahi kukaa hapo." Akavaa miwani tena. "Kwa hivyo nakuuliza tena, madam. Nichape?"

"Chapa, Velma. Nakala mia tatu."

"Sawa. Basi niwekee sahihi kwa hii ya kuonyesha, kwamba umeiona na umeikubali."

Masouda akaweka sahihi.

Majira ya joto yalipoanza, mkandarasi alipanda na greda lake kufungua njia ya walinzi. Alifuata ramani aliyopewa. Asubuhi moja tu alifika Ain Suda, na kabla wanawake wa Hayl Ghafa hawajateremka mbio wakakaa chini mbele ya greda, shungi zao zimejaa vumbi, alalani kumi na tisa walikuwa wamekwisha angushwa. Kijana mmoja alitumwa kwenye simu ya kituo cha polisi, na habari zikafika Maskati saa ya chai.

Bwana Mahfoudh alimwita Masouda, akatandaza ramani juu ya meza. "Huu siyo mpaka niliouona mimi."

"Matbaa wamekosea," alisema Masouda.

Maneno yalimtoka kwa wepesi uliomshangaza. Yalikuwa kama yamekaa mlangoni yanasubiri kufunguliwa.

Kesho yake Velma aliletwa. Alikuja kwa teksi, amevaa nguo za kanisani, ameshika bomba la karatasi. Hakukaa alipoambiwa akae. Aliitoa ile nakala ya kuonyesha, akaifungua mbele ya mkurugenzi, akaweka kidole penye sahihi.

"Mimi niliuliza," alisema, na alimwambia Masouda, si mkurugenzi. "Nilikuuliza mara mbili, madam. Na bosi wangu ameniambia nikirudi bila jibu nifungashe virago."

Bwana Mahfoudh aliisoma ile sahihi, akaisoma tena kama vile ingebadilika. Akamshukuru Velma, akampa barua ya kumsafisha kwa bosi wake, akamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni. Aliporudi alimwambia Masouda kwamba atahamishiwa hifadhi ya mafaili, ghorofa ya chini, kuanzia Jumamosi. Alimwambia kwa Kiarabu. Miaka sita walikuwa wakizungumza Kiswahili kila mlango unapofungwa, na sasa alisema naye kwa Kiarabu cha serikalini, "Ustadha Masouda," kama anavyosema na watu wa nje. Lilimuuma kuliko adhabu yenyewe.

Alikwenda Wadi Kabir kumwomba Velma radhi. Velma aliipokea akiwa amesimama, akasema, "Sawa, nimesikia," akarudi kwenye mashine yake. Mlimani hakwenda.

Hima ya Hayl Ghafa ikawekwa rasmi kwa mpaka wa wenyewe, tumbo lake na chemchemi yake. Mtu mwingine aliichora. Walinzi wakawa vijana wa kijiji walioacha kazi mjini wakarudi kwao, na mkubwa wao alikuwa Nasriya. Ripoti zake ziliteremka kila baada ya miezi mitatu, zimeandikwa na mmoja wa vijana, na chini yake dole gumba la Nasriya kwa wino wa zambarau. Na wa kuzipanga kwenye mafaili, bila shaka, alikuwa Masouda. Waali kumi na mmoja. Waali kumi na saba. Miche ya alalani mia mbili na arubaini imeota yenyewe ndani ya eneo lililofungwa. Alizisoma zote kabla ya kuzifungia, na kila hesabu ilipopanda alihisi kitu kinamkaza chini ya mbavu. Alijua kwamba ni heri, na bado kilimkaza. Mara moja, ripoti ilipokuja na hasara, waali wawili wameuawa na wawindaji, alijikuta ameisoma kwa utulivu, akajichukia siku nzima.

Mwaka 2002 Noof alimaliza masomo yake ya viumbe. Kazi zilikuwapo Maskati, za kiyoyozi na mshahara mzuri.

"Mama, nimepata Hayl Ghafa," alisema, huku akimenya chungwa.

"Nani kakupa?"

"Nani mwingine? Khalti Nasriya."

Masouda akainuka kwenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Miaka miwili baadaye Nasriya aliota mtoto wa jicho, macho yote mawili. Noof alimteremsha Maskati kufanyiwa upasuaji, na toka hospitali akamleta moja kwa moja nyumbani kwao Wattaya. Alikuwa akae naye siku kumi. Siku ya pili walinzi wakampigia simu: waali walikuwa wanazaa, na mtu wa kuandika hayupo. "Mama, dawa ni matone mara nne kwa siku," Noof alisema, tayari mfuko begani. "Asiiname, asijisugue." Akaondoka.

Wakabaki wawili. Nasriya alikaa kitandani kwa Noof, vitambaa vyeupe machoni, mikono juu ya magoti. Mara nne kwa siku Masouda alivifungua, akamwinua kidevu, akadondosha tone moja huku na tone moja huku. Siku tatu hawakusema ila ya dawa na ya chakula. Simu ilipolia jioni, alikuwa Noof, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mpe Khalti." Masouda alipeleka simu chumbani, akasimama mlangoni akiwasikiliza wanacheka. Kiarabu cha Noof kilikuwa kimekuwa cha mlimani kabisa. Maneno mengine mama yake hakuyaelewa.

Siku ya nne, baada ya dawa ya asubuhi, Masouda hakufunga kitambaa mara moja.

"Nakuonea wivu," alisema. "Nilikuonea tangu siku ya kwanza. Ndiyo sababu ya ule mstari. Hapakuwa na nyingine."

Nasriya macho yalikuwa mekundu, yanachuruzika dawa, hajui bado kama anaona uso au ukungu. "Mstari ulifutwa," akasema. "Miti kumi na tisa haikurudi. Mmoja alikuwa mti wa kivuli wa mama yangu. Mwingine tulikuwa tukimfungia punda, na bibi yangu kabla yetu." Akapangusa shavu kwa upindo wa shungi. "Radhi yako nimeisikia. Hasira yangu bado ninayo. Funga kitambaa."

Masouda akafunga. Fundo lilikaa sawa.

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia, "Na huyo binti yako ananichosha."

"Kafanya nini?"

"Mama yangu angeichora hivi. Mama yangu angepima vile. Mama yangu haandiki namba ambayo hajaihakikisha. Kila siku, mbele ya walinzi wangu. Mimi ndiye mkubwa pale, lakini nimechoka na mama yake."

Masouda alisimama ameshika kitasa. Ilimjia furaha, na haikuwa furaha nzuri. Ilikuwa ya mtu aliyeona mwenzake naye kakanyaga mwiba. Akaenda jikoni akaisikilizia peke yake mpaka ikapoa. Siku ile alimpikia Nasriya mkate wa kumimina, na Nasriya akaula wote, akasema umezidi sukari.

Desemba ile ile wakati wa hesabu ya waali ulipofika, walinzi wawili walikuwa wagonjwa na watu hawakutosha. Noof alipiga simu. "Khalti anauliza kama utakuja. Anauliza yeye, Mama, si mimi." Masouda alichukua likizo ya siku tatu. Miguu ilikuwa imesahau mlima; alipumzika mara nyingi kuliko alivyokubali mtu aone. Juu, Nasriya alimtazama kwa macho yake mapya, akamtazama viatu, akamgawia kituo cha chini kabisa, kwenye bonde ambalo kila mmoja alijua kwamba waali hawapiti wakati huo wa mwaka. Akampa karatasi, kalamu na redio ya mkono.

Toka alfajiri alikaa juu ya jiwe. Alimwona ndege mmoja na punda wa mtu. Kwenye redio vituo vya juu vilikuwa vinataja: watatu. Watano. Noof, kituo cha mwamba: kumi na wanne, pamoja na watoto. Watu wakapiga kelele za furaha mpaka redio ikakwaruza. Masouda akahisi ule mkazo wake wa zamani chini ya mbavu, mzima kabisa, haujakonda hata kidogo. Akageuza uso, akaendelea kulitazama bonde lake tupu.

Saa tisa alasiri redio ikaita kituo cha chini.

"Sifuri," alisema Masouda.

"Umehakikisha?" Ilikuwa sauti ya Nasriya.

"Nimehakikisha."

"Sifuri, imeandikwa. Kaa hapo hapo mpaka saa kumi na moja."

Akavuta shali yake mabegani, kwa maana baridi ilikuwa imeanza kuteremka, akakaa.